Alikuwa mtulivu alipokamatwa: je, hakuwa mgonjwa?

Swali: Mama aliyejifungua siku kumi kabla anashtakiwa kumuua mtoto wake. Siku ya tatu mahabusu alijibu maswali yote vizuri. Daktari wa akili atajuaje hali yake saa ya tukio?

Jibu: Utulivu wa siku ya tatu hauthibitishi lolote. Saikosisi ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mama apoteze uhalisia, hupanda na kushuka: asubuhi mama anaongea na kunyonyesha vizuri, jioni hajui yuko wapi. Huwapata mama 1 hadi 2 katika kila 1,000 waliojifungua, na kwa kawaida huanza ghafla ndani ya wiki 2 za kwanza. Walio wengi hawamdhuru mtoto kabisa.

Kwa hiyo anza na kalenda. Andika tarehe ya kujifungua, kisha jaza siku baada ya siku kwa kuwauliza waliokuwa naye nyumbani, kila mmoja peke yake. Fuatilia usingizi kuliko kitu kingine chochote. Mama aliyechoka tu hulala mtoto akipokelewa na mtu mwingine. Anayeingia kwenye saikosisi hubaki macho, na pengine husema hahitaji kulala. Kauli zake ziandikwe neno kwa neno. "Huyu si wangu, wamembadilisha" ni ushahidi. "Alikuwa akiongea ovyo" haimsaidii hakimu. Kadi ya kliniki itaonyesha kama ana baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kama aliwahi kuugua hivi uzazi uliopita, na kama aliacha dawa alipopata mimba.

Vipimo vifanyike siku hiyohiyo ya kukamatwa: joto la mwili, shinikizo la damu, mkojo, sodiamu, tezi ya thairoidi, dalili za maambukizi. Kifafa cha mimba na homa ya uzazi huvuruga akili pia, na wiki moja baadaye huenda alama zake zimekwisha kufutika.

Kosa ninaloliona zito ni kudhani kwamba aliyeficha mwili lazima alikuwa na akili timamu. Mgonjwa anaweza kuficha kwa sababu ya imani ileile iliyomsukuma kuua. Kwa upande wa pili, mauaji ya ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, ambayo daktari wa akili Phillip Resnick wa Marekani aliyatenga kama kundi lake mwaka 1970, mara nyingi hayana saikosisi. Huko utakuta mimba iliyofichwa, au ambayo mwenyewe hakukubali kwamba anayo. Tena kuwa na ugonjwa hakutoshi kisheria: lazima uonyeshe namna ulivyoathiri uelewa wake wakati wa tendo.

Iko pia sonona nzito, ambapo mama huamini anamwokoa mtoto na mateso, naye amepanga kumfuata. Muulize waziwazi kuhusu kujiua, na arudiwe kuulizwa dawa zikianza kufanya kazi. Asiachwe peke yake siku hizo, maana ndipo anapoelewa kilichotokea.