Kijasumu huyu, kiuavijasumu hiki

Swali: Naandaa kipindi cha afya redioni. Niliandika: "Bakteria hii inatengeneza dawa inayoua bakteria zingine." Mhariri akabadilisha "hii" kuwa "huyu", akafuta "dawa" na kuweka "kiuavijasumu" (yaani antibayotiki). Je, yuko sahihi?

Jibu: Kwenye "huyu" usibishane naye. Umbo la bakteria halibadiliki katika wingi, ndiyo maana wengi hulitupa katika ngeli ya I-ZI pamoja na kompyuta. Lakini bakteria anakula, anazaana, anakufa. Jaribu kusema anaua nani: bakteria wenzake. "Bakteria zenzake" sijalisikia hata sokoni.

Kijasumu nacho, jina jingine la bakteria, kisikudanganye kwa ki- yake. Ni kiumbe hai kama kijana au kiboko, kwa hiyo kijasumu huyu, vijasumu hawa. Kiuavijasumu hakina uhai, basi ni hiki. Huandikwa neno moja, kama kifunguakinywa, na wingi wake ni viuavijasumu. Vi- ya katikati haiguswi. "Kijasumu huyu ametoa kiuavijasumu hiki" ni sentensi safi kabisa, ila namhurumia mtangazaji wako.

Kuhusu "dawa", alifanya vyema kuifuta. Katika kipindi cha afya dawa hutajwa palipo na wa kutibiwa, na bakteria wa udongoni hamtibu mtu. Mwaka 1943 Albert Schatz, akiwa katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alipata streptomisini kutoka kwa bakteria wa aina hiyo. Ilipoingia kwenye sindano za wagonjwa wa kifua kikuu, hapo ndipo ikawa dawa. Udongoni ilikuwa kemikali tu. Halafu kuna nisini, inayotolewa na bakteria wa maziwa, Lactococcus lactis. Hutiwa kwenye jibini isiharibike, na pakiti huiandika E234, namba yake kama kihifadhi cha chakula. Ukiiita dawa, mnunuzi atairudisha jibini dukani. (Penisilini usiitaje kabisa katika kipindi hiki: hiyo hutoka kwa kuvu, si bakteria.)

Ila "kiuavijasumu" nisingekiweka hapo. Ni neno zuri kitabuni. Msikilizaji wako akienda duka la dawa anaomba antibayotiki. Hilo la kitabuni litaje mara moja, ulifafanue, uendelee. Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Bakteria huyu hutoa kemikali inayowaua bakteria wengine."