Maswali ya Wasomaji: Shakwe wa Seattle na Ncha za Mabawa Yao

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Seattle, Marekani. Kwenye gati la feri kuna shakwe ambao ncha za mabawa yao ni za kijivu sawa na mgongo, lakini wengine wana mgongo uliokoza kidogo na ncha zinazokaribia weusi. Je, hao ni spishi nyingine? Kama ni machotara, wanazaa, au ni tasa kama baghala?

JIBU: Hao wenye ncha zilizokoza yaelekea ni machotara. Katika pwani ya majimbo ya Washington na Oregon hukutana shakwe wa kaskazini, Larus glaucescens, ambaye mabawa yake hayana weusi kabisa, na wa kusini, Larus occidentalis, mwenye mgongo wa kijivu kizito na ncha nyeusi tii. Chotara wao hatoki na mabaka ya baba huku na ya mama kule, bali hupata rangi ya kati. Na kwa kuwa wanazaa bila shida, wao kwa wao na hata na spishi za wazazi, utakuta kila daraja la kijivu baina ya pande hizo mbili. Ndiyo maana manyoya peke yake hayatoshi kueleza ndege ni chotara wa kizazi cha ngapi.

Linganisha ncha na mgongo wa ndege yuleyule, kisha tazama ngozi inayozunguka jicho, ambayo kwa wa kusini ni ya manjano na kwa wa kaskazini ina rangi ya waridi. Majira ya joto hudanganya, kwani manyoya makuukuu huchujuka na kulika, hasa yenye melanini kidogo, yaani rangi asilia inayotia weusi, maana rangi hiyo huuimarisha unyoya. Ndege wa kahawia mwache kwanza: shakwe hawa huchukua takriban miaka minne kupata manyoya ya utu uzima. Wengi pia humdhania chotara kuwa Larus smithsonianus, shakwe wa spishi nyingine, ingawa mdomo mnene wa chotara, uliotuna karibu na ncha, humfichua.

Wala rangi hii ya kati haielekei kutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba, katikati ya eneo la mchanganyiko, majike waliooana na madume machotara walikuza makinda wengi kuliko waliooana na madume wa kusini, kwa sababu machotara wengi walichagua penye majani yanayoficha mayai, ilhali madume wa kusini walikaa mchangani, ambako mayai mengi yaliliwa.