Kompyuta imeingia virusi, usikimbilie kuwasha intaneti

Pole sana ndugu. Umesema ulidaunlodi programu ya bure, sasa matangazo yanajifungua yenyewe na mashine imekuwa nzito balaa, hapo usiendelee kubofyabofya, chomoa waya wa intaneti au zima Wi-Fi kwanza. Halafu shika kifaa kingine kilicho salama ubadilishe pasiwedi, anza na ya imeili maana hiyo ndo inafungua zingine zote, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Wengi wanabadilishia kwenye mashine ileile yenye virusi, yaani unamkabidhi mwizi funguo mpya mkononi!

Kama ni Windows 10 au 11, Microsoft Defender, ile kinga ya virusi inayokuja na Windows yenyewe, ina skani ya ofulaini (bila intaneti), inazima na kuwasha mashine halafu inakagua kabla Windows yenyewe haijaamka, kama dakika 15 hivi. Ikikamata kitu ikafuta sawa, ila mimi binafsi siiamini tena mashine hiyo, bora upige Windows upya kwa flashi ya GB 8 au zaidi iliyoandaliwa kwenye kompyuta safi. Kabla ya hapo okoa picha na dokumenti zako tu, programu acha zife. Washa pia ile setingi ya kuonyesha mwisho wa majina ya faili, utashangaa kukuta "picha1.jpg.exe", hiyo .exe mwishoni maana yake ni programu, sio picha hiyo, usiiguse kabisa. Ukishapiga Windows, apdeti zote kwanza, ndo uskani ulivyookoa na kuvirudisha.