Kabla Hujalipia Kasi Zaidi, Angalia Foleni ya Modemu

Mtu akilalamika kwamba intaneti inakwamakwama, ushauri wa kwanza anaopewa ni kulipia kasi kubwa zaidi. Mimi huanza na pingi, jaribio linalopima muda wa ujumbe mdogo kwenda kwenye seva na kurudi. Piga pingi kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, iache iendelee, kisha pakia video nzito kutoka kwenye simu. Kwangu ilikuwa ikikaa kwenye milisekunde 30 hivi. Upakiaji ukianza tu, inapanda hadi kupita 900, na ukiisha inashuka yenyewe. Hakuna kilichokatika. Pakiti (vipande vya data) za simu yako ya video zimepangishwa foleni nyuma ya upakiaji.

Foleni hiyo imo ndani ya modemu, yenye bafa (kumbukumbu ya kushikilia pakiti zinazosubiri) kubwa kupita kiasi. Piga hesabu: bafa ya kilobaiti 256 ikijaa kwenye laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde, huchukua kama sekunde 2 kumwagika. Na lazima itajaa, kwa sababu TCP ya kawaida, itifaki inayosimamia utumaji wa data, huendelea kuongeza mwendo mpaka ione pakiti imepotea.

Dawa ni kuifanya ruta yako iwe nyembamba kidogo kuliko modemu, yaani uiwekee kikomo cha kasi kilicho chini kidogo ya kasi ya laini. Hapo foleni huhamia kwenye ruta, ambako una mamlaka nayo. Kanuni ya CoDel, waliyoitoa Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, haijali foleni ina urefu gani. Hupima pakiti imesubiri kwa muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, inaanza kudondosha pakiti, na mtumaji anapunguza mwendo. fq_codel, iliyojengwa juu yake, ikaongeza foleni tofauti kwa kila mtiririko (mfano simu moja au upakiaji mmoja), ili mtiririko mdogo usimezwe na mkubwa. Mimi natumia CAKE, iliyoingia kwenye Linux toleo la 4.19 na kukusanya yote hayo pamoja.

Kwenye OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta, sakinisha luci-app-sqm, chagua mlango wa WAN (unaoelekea kwenye modemu), kisha cake na piece_of_cake.qos. Kinachobaki ni namba mbili, kikomo cha kupakua na cha kupakia, na hapo ndipo penye kazi. Pima kasi nyakati tofauti, hasa jioni watu wakiwa wengi, uchukue matokeo ya chini. Anza na asilimia 85 ya hayo, ukiandika kwa kilobiti. Panda kidogo kidogo huku pingi ikiendelea. Ikianza kuruka, rudi hatua moja. Shughulikia kupakia kwanza. Kwenye kupakua acha nafasi zaidi, maana foleni yenyewe iko kwa mtoa huduma na wewe unamshawishi tu mtumaji apunguze.

Zile orodha za kuipa michezo au video kipaumbele kwenye ruta za kawaida, usihangaike nazo. Bila kikomo cha kasi, zinapanga foleni isiyokuwepo.

Kazi hii hula prosesa. Ukiona kasi imeshuka chini sana ya kikomo ulichoweka, ruta imezidiwa. Kwa laini ya 4G, ambayo kasi yake hubadilika kila saa, kikomo kimoja hakitoshi. Jaribu cake-autorate, inayokipandisha na kukishusha kwa kufuata ucheleweshaji. Na kama pingi ni tulivu kwa kebo lakini inaruka kwa Wi-Fi, hapo shida ni Wi-Fi, wala usiguse namba zako.