Barua kwa mwanangu: bingwa aliyeinama kuokota kinga ya meno

Mwanangu Idrisa,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nilitoka nao barazani, maana mama yako alitaka nimsomee kwa sauti na sikutaka afike pale kwenye jicho lililovimba.

Unasema raundi ya tatu kinga ya meno ya mwenzako ilidondoka, ukarudi nyuma aiokote kabla hata refa hajasema neno, naye alipoirudisha mdomoni akakutwanga mpaka ukapoteza kwa pointi. Kocha akakwambia mbele ya wenzako kwamba huruma uiache msikitini. Sasa unaniuliza kama mtu mpole anaweza kweli kuwa bondia mkubwa.

Watu wa rika langu ukiwauliza habari za uzito wa juu wataanza na Muhammad Ali na Kinshasa 1974. Mimi wangu ni Floyd Patterson. Alipokuwa bado kijana anapanda ngazi, kinga ya meno ya mpinzani ilidondoka, na Patterson hakurudi nyuma tu kama wewe. Aliinama amsaidie kuiokota! Kisha wakaendelea, na akamshinda.

Alizaliwa North Carolina mwaka 1935, akakulia Brooklyn katika ufukara. Alikuwa mtoro wa shule, akijificha kwenye kichumba cha vifaa katika stesheni ya treni za chini ya ardhi. Picha yake mwenyewe ukutani aliichora alama ya X usoni, kwa kuwa hakumpenda yule mtoto. Mtoto kama huyo akijifunza ngumi ungetegemea awe mkatili. Akiwa na miaka 17 akachukua dhahabu ya Olimpiki Helsinki, uzito wa kati. Tarehe 30 Novemba 1956, Chicago, akamwangusha Archie Moore raundi ya tano na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa na miaka 21, na kabla yake hakuna aliyekuwa amewahi kuushika mkanda ule akiwa mdogo hivyo.

Na usidhani alibahatisha. Kwa uzito wa juu alikuwa mwembamba, kilo 83 hivi siku ile. Mwalimu wake, Cus D'Amato, alimfundisha kubana glovu zote mbili mashavuni na viwiko mbavuni, akichungulia katikati kama mtoto nyuma ya mlango. Wajuzi waliicheka kinga ile. Lakini mwili wake haukutulia, na ghafla aliruka miguu yote miwili ikaiacha turubai, akafika na konde la kushoto kabla mtu hajajua limetoka wapi. Mikono yake ilikuwa na kasi ambayo wazito wengi hawakuwahi kuwa nayo. Kasoro yake ilikuwa kidevu, hakikustahimili konde zito. Mwaka 1959 Ingemar Johansson wa Sweden alimwangusha mara saba katika raundi moja, akamnyang'anya mkanda.

Hapa, mwanangu, sitakudanganya. Waliporudiana New York, Juni 1960, Patterson alipanda ulingoni na chuki. Raundi ya tano lile konde la kushoto likamlaza Johansson chali, mguu wake mmoja ukitetemeka. Hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyekuwa amewahi kupoteza mkanda na kuurudisha kabla ya usiku ule. Pengine ndio usiku aliopigana vizuri kuliko zote. Kisha akapiga magoti, akamkumbatia mwenzake pale chini. Baadaye alisema ile chuki hakutaka kamwe kuirudia. Kocha wako akisema hasira inasaidia, hajakosea. Patterson aliijua bei yake tu, akakataa kuilipa tena. Wale wawili wakawa marafiki, hata wakakimbia marathoni pamoja Stockholm wakiwa watu wazima.

Malaika hakuwa. Sonny Liston alimpiga Chicago 1962 katika dakika mbili na sekunde sita, na Patterson akaondoka mjini amevaa ndevu za bandia, kwa aibu. (Nami nilipopigwa Tanga, siku tatu nilipita nyuma ya soko. Ndevu za kununua sikuwa nazo.) Na Ali alipobadili jina, Patterson aling'ang'ania kumwita Clay, jina lake la zamani. Hapo simtetei hata kidogo. Mtu huitwa jina alilolichagua. Ali alimwadhibu kwa hilo Las Vegas 1965, polepole, hadi refa aliposimamisha raundi ya 12.

Alikuwa akisema watu humtaja kama aliyeanguka mara nyingi kuliko wote, ila pia ndiye aliyeinuka mara nyingi kuliko wote. Maneno mazuri, na zamani niliyapenda. Siku hizi nayasikia kama baba. Mwaka 1998 alijiuzulu uongozi wa kamisheni ya michezo ya jimbo la New York baada ya kuhojiwa na kushindwa kukumbuka mambo ya kawaida kabisa. Alifariki 2006. Johansson naye kumbukumbu zilimtoka, akafariki 2009.

Kwa hiyo upole wako haunikoseshi usingizi. Kinachonikosesha ni mkono wako wa kulia. Nimeiangalia ile video uliyomtumia dada yako: kila unaporudi nyuma, unaushusha hadi kiunoni. Mwenzako akidondosha kinga, rudi nyuma, sawa, lakini rudi na glovu shavuni mpaka refa aingie kati. Mwambie kocha akufundishe hilo kwanza, halafu mje mbishane habari za huruma.

Jicho liwekee barafu, na wiki hii usipige simu ya video. Mama yako nimemwambia umeumwa na nyuki.

Baba yako