Laptopu Ikiwa Nzito, Usikimbilie Kununua RAM

Jumamosi ile nilibonyeza kitufe cha kuwashia laptopu, nikaenda jikoni kubandika maji ya chai, nikamenya vitunguu, nikarudi sebuleni. Vile vidoti vya Windows vilikuwa bado vinazunguka. Nilikuwa na alama za wanafunzi 143 za kuingiza kwenye Excel, mwisho wa kuzipeleka Jumatatu asubuhi, na mwanangu amesimama nyuma ya kiti akinipa taarifa ambayo sikuiomba: "Mama, jana nayo iliganda hivihivi."

Laptopu yenyewe ni ya mtumba. Tuliinunua mwaka 2017, ikiwa imeshatumika maofisini huko Ulaya. Ina prosesa, ule ubongo wa mashine, ya Core i5 ya kizazi cha tatu, yaani ya mwaka 2012, RAM (kumbukumbu ya kazi zilizofunguliwa) ya 4GB na diski ya 500GB ya kuhifadhia vitu. Ni ya nyumba nzima: mimi na alama zangu, baba watoto na hesabu zake za kuku, watoto na katuni, na kila mgeni mwenye flashi anaichomeka bila kuuliza.

Kosa langu, na ndilo lililonifanya niandike haya, ni kununua dawa kabla ya kupima. Niliipeleka kwa fundi mmoja karibu na stendi. Hakukaa nayo hata dakika mbili. "Madam, hii RAM ndogo. Tuongeze 4GB nyingine, itakimbia yenyewe." Nikalipa shilingi 35,000, akafungua chini, akachomeka, nikaondoka nimefurahi. Nyumbani ikawa ileile. Niliporudi akabadili maelezo: basi mashine imechoka, nijipange na laki tatu na nusu anitafutie nyingine.

Hapo nilikasirika, na hasira ikanisaidia, maana jioni ile nilikaa na mashine mwenyewe.

Ukiwa na Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likija dogo, bofya More details. Juu utaona safu za CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski), kila moja na asilimia yake. Usizime kitu bado. Kaa tu, dakika kumi, uangalie zile namba tangu mashine inapowaka. Kwangu CPU ilikuwa asilimia 12. Memory 91. Disk 100, na ikabaki hapo 100 kwa dakika zaidi ya ishirini, safu nzima imeiva rangi. Yaani ile prosesa niliyoambiwa imechoka ilikuwa imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Nikaingia sehemu ya Performance, nikabofya Memory. Chini kuna maandishi madogo ambayo wengi hatuyasomi: "Hardware reserved 5.1 GB". Kati ya 8GB nilizonazo, zaidi ya 5 hazitumiki! Nikafungua Properties ya This PC nikakuta jibu: mfumo wa biti 32. Aliyetupigia Windows miaka ile alitumia nakala ya biti 32, na Windows ya biti 32 haivuki kama 4GB hata uijazie RAM kiasi gani. Elfu thelathini na tano zangu zilikuwa mle ndani kama mgeni aliyenyimwa kiti. Angalia hapo kwanza kabla hujatoa hela. Na ukishajua unahitaji RAM kweli, angalia aina: laptopu nyingi za kizazi cha nne zinataka DDR3L ya volti 1.35, siyo DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Zinafanana kwa macho, zinaingia kwenye nafasi ileile, lakini mashine inaweza kukataa kuwaka.

Turudi kwenye ile Disk ya 100, maana ndiko kilio kilipo kwa laptopu nyingi za umri huu. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka na kichwa cha kusomea kinachohama huku na huko. Ya kwetu inazunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja tu unakula milisekunde 11. Ongeza muda wa kichwa kuhama, utakuta haisomi hata vipande mia moja vilivyotawanyika kwa sekunde. Mashine ikiwaka inataka maelfu ya vifaili kwa mpigo. RAM nayo ikijaa, Windows inahamishia mizigo kwenye diski hiyohiyo. Hapo foleni inakuwa ya daladala saa kumi na mbili jioni: gari moja, mlango mmoja, kila mtu anasukuma.

Kabla ya kununua chochote nilipunguza abiria. Hii ni bure na ilinipa zaidi ya nilivyotegemea. Kwenye Task Manager kuna sehemu ya Startup, inayoonyesha programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Nilikuta kumi na saba. Programu ya printa tuliyoiuza. Mbili za kupigia simu za video. Ya kupakulia muvi, hii ni ya mdogo wangu aliyekaa kwetu likizo moja. Antivairasi mbili za makampuni tofauti, kila moja ikikagua kila inachogusa mwenzake. Na moja iliyojiita ya "kuharakisha kompyuta", ambayo ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwa kula diski. Nilicheka peke yangu. Nasema kwa uzoefu wangu, hizo programu za kusafisha na kuharakisha nyingi zake ndizo uchafu wenyewe. Windows 10 ina ulinzi wake ndani na kwa nyumba kama yetu unatosha. Nilizitoa antivairasi zote mbili, nikazima kumi na nne kwenye Startup. Kuzima hapo hakuifuti programu, ukiihitaji utaifungua mwenyewe.

Kitu kingine kilichonishangaza: kwenye Performance, upande wa CPU, kuna "Up time". Ilisoma siku 41. Wakati kila usiku tunaizima! Kumbe ukichagua Shut down, Windows 10 kwa kawaida haizimiki kabisa. Inaihifadhi sehemu yake ya ndani kwenye diski ili kesho iwake upesi, pamoja na uchovu wake wote. Restart ndiyo inayoanza upya. Siku hizi kila Ijumaa naipiga Restart.

Kuna na jambo la Jumamosi. Mashine inayozimwa kila mtu akimaliza yake ina kazi za wiki nzima zinazoisubiri: masasisho, ukaguzi wa virusi, kupanga kumbukumbu za faili. Ukiiwasha ukiwa na haraka zako, nayo ina zake. Kwa hiyo Ijumaa hiyohiyo naichomeka kwenye umeme, naiachia intaneti, naenda kupika. Kama unatumia bando la simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiwekee "metered connection", la sivyo masasisho yatakumalizia GB zako kabla hujafungua hata barua pepe. Ila usiiache hivyo miezi yote. Itafutie siku ya kupata masasisho.

Kwenye kivinjari nilikuta tovuti za muvi zimeruhusiwa kutuma taarifa. Mtoto anataka katuni, kinatokea kiboksi kinasema bofya Allow, anabofya. Baada ya hapo kila dakika tano kwenye kona ya skrini kunatokea onyo la virusi la uongo. Watu wanalipa mafundi kwa hilo, wakati ni suala la kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya Notifications, na kuziondoa zile tovuti moja moja.

Mafaili sitayasemea sana. Diski C ilikuwa imebakiza 3GB, nayo inapumua vizuri ikiwa na nafasi. Kwenye Downloads nilikuta fomu moja ya shule imepakuliwa mara kumi na moja, kuanzia (1) hadi (10). Andika "cleanmgr" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Disk Cleanup, ubofye "Clean up system files". Pale kwetu masalia ya Windows ya zamani peke yake yalikuwa GB 14. Wengine watakwambia uzime madoido ya madirisha na vivuli. Nimejaribu. Sikuona kitu.

Vumbi nalo nililiona kwa macho. Nilifungua chini kwa bisibisi ndogo, betri ikiwa nje, na skrubu kila moja nikaiweka kwenye shimo lake la trei ya mayai kwa mpangilio nilioitolea. Piga picha kabla hujagusa kitu, simu unayo. Kati ya feni na zile bati nyembamba za kupozea kulikuwa na utando mzito kama sufi ya mto. Prosesa ikipata moto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo laptopu inayounguza mapaja kisha ikawa nzito baada ya nusu saa, anzia hapo. Ushike feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke ovyo ikajiharibu, na upulizie nje. Mimi nilipulizia mezani, nikafuta sebule nzima.

Nilikuwa nimepima kwa simu. Mwanzo, kutoka kubonyeza kitufe hadi kuona faili la alama limefunguka, dakika 6 na sekunde 40. Baada ya hayo yote, dakika 3 na nusu. Bila shilingi. Diski lakini ilikuwa bado inagota 100, ikitoa na kasauti ka tik, tik. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Ikaonyesha njano, "Caution". Diski ikifika hapo usifanye lingine: nakili vitu vyako kwanza. Sikunakili kwenye flashi moja, maana flashi zetu nazijua. Nilishatoka kuchapisha mtihani stesheneri nikakuta kila faili limegeuka shotikati ya 1KB. (Hayakuwa yamepotea. Virusi vile huyaficha mafaili. Bofya View, weka alama kwenye Hidden items, huenda ukayaona, kisha ukague flashi nzima kabla ya kufungua chochote.) Alama nilizituma na kwenye barua pepe yangu mwenyewe.

Ndipo nikanunua SSD, diski ya aina mpya, ya 240GB, kwa shilingi 75,000. Haina sahani wala kichwa, kwa hiyo kile kipande cha data kilichotawanyika inakifuata papo hapo. Kwenye laptopu za umri huu mara nyingi inakaa palepale ilipotoka diski ya zamani, ile saizi ya inchi 2.5 yenye kiungo cha SATA. Skrubu nne. Ungeweza kuhamisha kila kitu kilivyo kutoka diski ya zamani, lakini mimi sikutaka kuhamia nyumba mpya na takataka, na ile biti 32 ilibidi iondoke. Nilitengeneza flashi ya 8GB kwa zana ya Microsoft yenyewe, nikaweka Windows ya biti 64. Lile "Hardware reserved" likashuka chini ya 200MB. RAM yangu ikapewa kiti hatimaye.

Sekunde 48. Hadi kwenye faili la alama. Mwanangu aliizima akaiwasha tena mara tatu aone kama ni kweli.

Onyo moja: SSD haipangwi upya kwa kile kinachoitwa defrag, hiyo ni ya diski za kuzunguka. Windows inajua ifanye nini, iache.

Limebaki suala la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama. Kizazi cha tatu hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Zipo njia za kuilazimisha, sitaki kuzifuata kwenye mashine yenye alama za watoto wa watu. Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye flashi, toleo jepesi la Xfce, na inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa SSD, kwa hiyo unaionja kabla ya kuihamia. Inaomba RAM ya 2GB tu, ingawa 4GB ndiyo raha. Faili langu la alama lilifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Excel, fomula zote zikakubali isipokuwa rangi za madaraja zilizohama kidogo. Baba watoto anaikataa kwa sababu hajaona kitufe cha Start pale alipokizoea. Tunaendelea na mazungumzo.

Wiki iliyopita shemeji yangu akaniletea ya kwake, kalaptopu kadogo ka prosesa dhaifu ya Celeron, RAM 2GB na hifadhi ya 32GB iliyochomelewa kwenye bodi. "Wifi, na yangu unifanyie kama yako." Nikafungua Task Manager, tukaangalia wote wawili. CPU 100. Memory 95. Nikazima vya kwenye Startup, nikafuta nilivyoweza, ikapata nafuu ya kuandikia barua. Zaidi ya hapo hakuna cha kuchomoa wala kuchomeka, nikamwambia asitoe hata elfu kumi kwa fundi. Hakufurahi. Ile diski yangu ya zamani akaiona mezani akaniomba. Nimemwambia ina njano, akasema ya kuwekea muvi tu.