Ukianza kusoma historia ya reli za Marekani, usianze na matajiri

Wadogo zangu mnaoanza kusoma makampuni ya reli, naona wengi mkichukua Erie, kampuni ya reli ya New York, mnakimbilia 1868, vita vya hisa kati ya tajiri Vanderbilt, aliyetaka kuinunua, na wakurugenzi wake kina Drew, Fisk na Gould. Ni tamu kweli, jamaa walikuwa wanatoa hisa mpya kila Vanderbilt akinunua mpaka wakakimbilia New Jersey wasikamatwe, ila ukianzia hapo hutaelewa kwa nini kampuni ilikuwa dhaifu toka mwanzo.

Anzeni na kibali cha 1832. Bunge la New York lilitaka reli ianzie na iishie ndani ya jimbo, basi ikatoka Piermont, kijiji tu kando ya mto Hudson, ikaenda kuishia Dunkirk kwenye ziwa Erie, karibu kilomita 720 na huku na huku hakuna jiji! Alafu wakachagua geji (upana kati ya reli mbili) ya futi 6 wakati ya kawaida, hiyo hiyo ya SGR yetu, ni milimita 1435, wakiamini mizigo haitatorokea reli za wengine. Matokeo yake wamejifungia wenyewe, wamekuja kubadilisha 1880 na hapo walishafilisika 1859 na 1875.

Na msiwapite watu wa kazini. 1851 treni zilikuwa zinapishana kwa ratiba tu, moja inakaa stesheni inasubiri nyingine hata ichelewe vipi. Charles Minot, msimamizi mkuu, yuko safarini akachoka kusubiri, akapiga telegrafu stesheni ya mbele, Goshen, treni inayokuja izuiwe, akaandika amri ya kuendelea. Dereva, Isaac Lewis, akagoma kabisa, ikabidi Minot apande injini aendeshe mwenyewe na Lewis akaenda kukaa behewa la mwisho, siti ya nyuma kabisa, ili wakigongana yeye apone. Kwangu hii ina uzito kuliko mambo yote ya Gould, maana ndo mwanzo wa kuongoza treni kwa telegrafu Marekani.

Kwenye nyaraka angalieni jina linaendana na mwaka: New York and Erie hadi 1861, kisha Erie Railway, 1878 New York, Lake Erie and Western, 1895 Erie Railroad, 1960 wakaungana na Lackawanna, kampuni nyingine ya reli, ikawa Erie Lackawanna, 1976 ikamezwa na Conrail, kampuni ya reli iliyoundwa na serikali.